Mstari wako unafika saa ngapi? Mwongozo kamili wa kuweka Neno moyoni ili likulinde na dhambi

Mithali 15:1 nimeijua tangu shule ya Jumapili. "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Ungeniamsha usiku wa manane ningekusomea bila kukosea silabi. Na bado jioni moja, kwa sababu ya funguo zilizopotea, nilimjibu mke wangu maneno yaliyomnyamazisha siku mbili. Mstari ulikuja, tena ulikuja mzima, na sura yake na namba yake. Shida ni kwamba ulikuja robo saa baadaye, nikiwa nimekaa kitandani peke yangu, wakati maji yameshamwagika.

Tangu siku hiyo nimeacha kumuuliza mtu anajua mistari mingapi. Namuuliza mstari wake unafika saa ngapi.

Yakobo ameipanga safari ya dhambi kama mtu anayeeleza uzazi: "Lakini kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na ile dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti" (Yakobo 1:14-15). Kati ya kuvutwa na kuchukua mimba kuna mwanya. Mara nyingi ni mwanya wa sekunde chache. Neno likifika ndani ya mwanya huo linakuta wazo tu, na wazo hufukuzika. Likifika baadaye linakuta tendo, na kazi yake inakuwa kukuleta kwenye toba. Toba ni neema kubwa, lakini hapa tunatafuta ulinzi, na mlinzi anayefika wezi wameshaondoka hajalinda kitu. Hatua zote zinazofuata zina lengo moja: kulifanya Neno lifike mapema.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kuweka"

Mstari ambao kila mtu huutaja kwenye jambo hili ni Zaburi 119:11: "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi." Kitenzi cha Kiebrania kilichofasiriwa "nimeliweka" ni tsafan, yaani kuficha kitu unachokithamini. Ndicho kilichotumika katika Kutoka 2:2, mama yake Musa alipomficha mtoto miezi mitatu, na katika Yoshua 2:4, Rahabu alipowaficha wapelelezi.

Mfikirie yule mama. Hakumficha mtoto ili amsahau. Alijua alipo kila dakika, alimnyonyesha, alimbembeleza asilie, alitega sikio kila hatua za watu ziliposikika nje. Huko ndiko kuficha kunakozungumzwa. Tofauti yake na kukariri kama kasuku ni sawa na tofauti ya mtoto anayelelewa na cheti kilichofungiwa kabatini.

Jambo la pili: mstari si hirizi. Shetani naye anajua mistari. Pale jangwani alimnukulia Yesu Zaburi 91, na ukilinganisha Mathayo 4:6 na zaburi yenyewe utaona ameruka maneno "wakulinde katika njia zako zote". Aliacha kipande ambacho kingeharibu hoja yake. Basi kuwa na maneno mdomoni si lazima kuwe ni kumtii aliyeyasema, na ukihifadhi nusu ya andiko unaweza kujidanganya kwa nusu hiyohiyo.

Hatua ya 1: Iite dhambi kwa jina lake

Watu wengi huanzia kwenye orodha ya mistari mizuri. Mimi nakushauri uanzie kwenye dhambi yako. Usiandike "udhaifu" au "mapungufu ya kibinadamu". Andika: nasema uongo nikiulizwa kazi imefikia wapi. Natazama picha chafu usiku. Nasengenya. Nachukua kisicho changu nikijua hakitahesabiwa.

Kisha kwa wiki moja tembea na kijitabu au simu, na kila ukijaribiwa (si ukianguka tu) andika mambo manne: ilikuwa saa ngapi, nilikuwa wapi, nilikuwa na nani au nilikuwa peke yangu, na nini kilitangulia. Hilo la nne ndilo lenye dhahabu. Utakuta jaribu halitoki hewani. Linatanguliwa na uchovu, au njaa, au upweke, au kudharauliwa, au hata kusifiwa.

Nilipofanya hivyo mwenyewe nilishangaa. Nilidhani tatizo langu ni hasira, lakini daftari lilionyesha kwamba karibu kila nilipolipuka nilikuwa nimeulizwa swali lililonifanya nionekane mzembe. Chini ya hasira kulikuwa na hofu. Ndiyo maana Mithali 15:1 peke yake ilikuwa inapiga majani huku mzizi umetulia udongoni. Mstari niliouhitaji zaidi ulikuwa Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", na nisingeupata kwa kutafuta mistari ya hasira.

Usiiruke wiki hii. Najua inachosha, na inaaibisha kidogo kujisoma mwenyewe kwenye karatasi. Iandike kwa vifupisho unavyovijua wewe tu ikiwa unaogopa macho ya watu.

Hatua ya 2: Chagua mistari mitatu, siyo thelathini

Wazo la kupanga mistari kwa kila dhambi ni la kale. Mtawa aitwaye Evagrius, aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, alikusanya karibu maandiko 500 ya kumjibu mjaribu, akayagawa kwa mawazo maovu manane: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa na kiburi. Kila wazo na majibu yake. Alikuwa na maisha mazima na jangwa zima la kufanyia kazi hiyo. Wewe anza na mitatu.

Hata Yesu alimjibu Ibilisi kwa mistari mitatu, na yote ilitoka karibukaribu: Kumbukumbu la Torati 8:3, 6:16 na 6:13. Hakurukaruka kutoka Mwanzo hadi Malaki. Alikuwa na sehemu moja ya Maandiko iliyozungumzia hali ileile aliyokuwamo, yaani watu wa Mungu jangwani, wenye njaa, wakijaribiwa. Angalia pia inavyolingana: jaribu la mkate lilijibiwa kwa neno la mkate. Silaha ilichongwa kwa kipimo cha shambulio.

Mitatu hiyo naipenda iwe ya namna tatu.

Wa kwanza ni wa kusimamisha. Uwe mfupi kiasi cha kusemeka kwa pumzi moja, kwa sababu ukijaribiwa akili haina nafasi ya sentensi ndefu. Kwa ulimi, sijapata unaoushinda mwanzo wa Zaburi 141:3: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Kwa macho, Zaburi 101:3: "Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu." Kwa husuda, nusu ya pili ya Mithali 14:30: "husuda ni ubovu wa mifupa". Huo unauma, na unatakiwa uume.

Wa pili ni wa ahadi, na huu wengi wanausahau. Ukijijaza makatazo matupu, kila ukirudia "usitazame" akili inakuonyesha tena kile usichotakiwa kukitazama. Moyo hauachi kitu mpaka upewe kilicho bora. Kwa hiyo pembeni ya Zaburi 101:3 weka Mathayo 5:8, "Heri wenye moyo safi, maana hao watamwona Mungu", au Zaburi 16:11, "Mbele za uso wako ziko furaha tele". Kwa mtu wa kupenda fedha, Waebrania 13:5 ina vyote viwili ndani yake: inakataza, kisha inatoa sababu, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Kwa anayesema uongo kulinda nafasi yake, Mithali 12:22 inasema watendao uaminifu "ndio furaha yake" Bwana. Hebu fikiria, wewe uliyebanwa na bosi, kwa kusema ukweli unakuwa furaha ya Mungu.

Wa tatu ni wa kurudia nyumbani, utakaoutumia ukianguka. Nitauelezea mwishoni, ila uchague sasa, kwa sababu siku ya kuanguka hutakuwa na nguvu za kutafuta.

Hatua ya 3: Shika tafsiri moja, na usome pembeni

Chagua tafsiri moja na usiibadilishe katikati. Union Version ya 1952 ina mdundo unaokaa sikioni, hata maneno yake ya zamani husaidia kukumbuka. "Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" (Waefeso 4:26) haliwezi kufananishwa na sentensi nyingine yoyote. Ila ujue maana: kuchwa ni kuzama. Ikiwa lugha hiyo inakukwaza, tumia Habari Njema bila kuona haya. Kuchanganya ndiko kunakoharibu, maana akili inabaki kwenye njia panda ikichagua neno wakati ambapo inatakiwa ijibu.

Kisha soma sura nzima kabla ya kuhifadhi mstari. Mfano ninaoupenda ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Watu huutumia kwa mitihani na mashindano. Soma mistari ya 11 na 12: Paulo anazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na kuwa radhi katika hali yoyote. Mstari ambao wengi wanaomba nao kupata zaidi ni silaha dhidi ya kutaka zaidi.

Kumbuka pia kwamba namba za mistari tulizozoea katika Agano Jipya zilianza na chapa ya Robert Estienne ya mwaka 1551. Paulo hakuandika namba. Wazo likivuka namba, nawe vuka. Waefeso 4:26 bila 27, "wala msimpe Ibilisi nafasi", ni mlango bila komeo.

Hatua ya 4: Uingize kichwani

Siku ya kwanza soma mstari kwa sauti mara tano, polepole, ukisema mahali pake mwanzoni na mwishoni. Uandike kwa mkono. Ukate vipande kwa pumzi: "Moyoni mwangu / nimeliweka neno lako, / nisije nikakutenda dhambi." Shika kipande cha kwanza, kisha cha kwanza na cha pili, kisha vyote.

Sasa funga kitabu. Hapa ndipo kazi inapoanza. Kusoma tena na tena kunaleta raha ya kujiona unajua. Kujaribu kusema bila kutazama ndiko kunakojenga kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki waliojipima waliwaacha mbali. Basi kigugumizi cha kukumbuka kisikuvunje moyo. Kukwama, kutafuta neno, kukosea, kufungua, kurekebisha: huko ndiko kujifunza kwenyewe.

Kuna mbinu maarufu ya kuandika herufi za kwanza za kila neno. Kwa Kiswahili ina kasoro, kwa sababu viambishi vyetu hufanya maneno mengi yaanze sawa. Zaburi 119:11 inakuwa M m n n l, n n d. Hiyo inamsaidia nani? Mimi naandika mizizi ya vitenzi na kuacha mengine wazi: "...weka..., ...tenda...". Vitenzi ndivyo uti wa mgongo wa sentensi yetu. Ukivishika, maneno mengine yanajipanga yenyewe.

Asiyesoma, au mwenye macho yaliyochoka, asidhani ameachwa nje. Amri ya Kumbukumbu la Torati 6:7 ni ya kuyanena maneno "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Hiyo ni shule ya masikio. Rekodi mstari kwa sauti yako au ya mtoto wako na uusikilize. Ukiupatia wimbo mfupi, hautatoka tena.

Hatua ya 5: Urudie kwa kuachanisha

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, saa na siku za kwanza, kisha kasi inapungua. Maana yake marudio ya mwanzo yawe ya karibu, ya baadaye yawe mbali. Ratiba yangu: jioni ya siku ileile, kesho yake, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya thelathini, kisha mara moja kila mwezi. Kila rudio ni nusu dakika. Andika tarehe nyuma ya kadi, basi.

Mwanzoni, mstari mmoja kwa wiki mbili unatosha. Anayekimbilia mmoja kila siku, baada ya mwezi huwa na thelathini aliyoisalimia na hakuna hata mmoja aliyekaa naye.

Hatua ya 6: Ucheue

Hii ndiyo hatua inayochukua muda na ndiyo inayogeuza kitu. Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 hutumia kitenzi hagah kwa kutafakari. Ni kitenzi cha sauti: kunong'ona, kuguna. Isaya 31:4 hukitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Kwa hiyo kutafakari kwa Biblia hakuhitaji kimya cha kukaa umefumba macho. Ni mdomo unaosogea, kama ng'ombe chini ya mti akirudisha majani aliyoyameza asubuhi.

Chukua "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Useme ukitilia mkazo mahali tofauti kila mara. *Sita*-kupungukia: ni Yeye anayeahidi, si mwajiri. Sita-*ku*-pungukia: ni mimi, mwenye deni hili na hofu hii. *Kabisa*: hata mwisho wa mwezi? Kabisa. Ishi na neno moja njia nzima ya kwenda kazini.

Baada ya hapo uliza swali ninalolithamini kuliko yote: mstari huu unabishana na uongo gani? Kila dhambi ina sentensi yake inayokunong'oneza, na tusipoiandika tunaitii bila kujua. "Nimefanya kazi kwa bidii, nastahili kujiburudisha." "Wote wanachukua." "Nikisema kweli, nimekwisha." "Sisengenyi, namwombea tu." Iandike kama ilivyo, kwa lugha yake ya mtaani, upande mmoja wa kadi. Upande wa pili andika mstari. Ukiisoma kadi anza na uongo, kisha geuza. Ukifanya hivyo siku kumi, utaona uongo ukija unakuja na jibu lake mgongoni.

Halafu ugeuze mstari uwe ombi, kwa maneno yako. "Bwana, weka mlinzi hapa mdomoni leo saa nne kwenye kikao, kwa sababu yule ndugu atasema neno lake lilelile." Maombi ya namna hii hayana ufasaha, na hayahitaji.

Hatua ya 7: Ufunge kwenye saa na mahali

Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza. Unajua jaribu linapita njia ipi. Basi kaliwekee mlinzi njiani hapohapo. Tunga sentensi yenye pande mbili: nikikuta hili, nitasema hili na kufanya hili. Wanasaikolojia, Peter Gollwitzer akiwa mbele yao, wamechunguza mipango ya aina hii tangu miaka ya 1990 na kuona kwamba aliyeamua mapema atafanya nini, lini na wapi hutekeleza nia yake kuliko aliyekusudia tu kwa jumla.

Mifano. "Nikishika simu baada ya taa kuzimwa, nitasema Zaburi 101:3 kwa sauti na kuipeleka simu sebuleni." "Nikisikia mtu anasema 'umesikia ya fulani?', nitasema moyoni 'Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu', kisha nitauliza habari nyingine." "Nikihisi uso unapata moto, nitavuta pumzi, nitasema Zaburi 56:3, ndipo nijibu." Ona kwamba kila mfano una mguu. Mstari unafungua mlango na wewe unatoka. Paulo anasema Mungu "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13), na mlango ni wa kupitia. Yusufu alisema, "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" (Mwanzo 39:9), lakini siku aliposhikwa nguo hakuhubiri, aliiacha nguo akakimbia. Anayebaki ameketi mbele ya jaribu huku akinukuu mistari anafanya mchezo na moto.

Fanya mazoezi ukiwa umetulia. Nenda kwenye kile kiti, chumba au kona. Shika simu kama unavyoishika, sema mstari, inuka, itoe nje. Utajiona mjinga. Fanya hata hivyo, mara tano. Askari hajifunzi kuchomoa upanga siku ya vita, na Waefeso 6:17 inaliita neno la Mungu upanga. Luka naye anaandika kwamba Ibilisi alipomaliza alimwacha Yesu "akaenda zake kwa muda" (Luka 4:13). Kwa muda. Atarudi, basi mazoezi yasikome wiki mbili za amani zikipita.

Hatua ya 8: Awepo mtu wa kukusikiliza

Mmoja tu, wa jinsia yako, asiyepeleka maneno. Mara moja kwa wiki umsomee mistari yako bila kutazama, naye akuulize: mstari ulifika saa ngapi? Dakika kumi zinatosha.

Niseme jambo pembeni, kwa sababu nimeona likitumika vibaya. Kuna mambo ambayo mstari hauyamalizi peke yake: ulevi ulioshika mwili, tabia inayoumiza watoto au mwenzi, mawazo ya kujidhuru. Hapo nenda kwa mchungaji mwenye busara, mshauri, daktari, na kama kuna anayedhurika, nenda kwenye vyombo vya sheria. Na mtu anayepigwa nyumbani asipewe mistari ya uvumilivu akariri. Apewe msaada wa kutoka.

Hatua ya 9: Ukianguka, fanya uchunguzi

Utaanguka. Hapa ndipo mstari wa tatu unapofanya kazi. Wangu ni 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Wengine hushika Warumi 8:1 au Mithali 28:13. Useme mapema, kabla aibu haijakushawishi kwamba kwa kuwa umeharibu, bora uharibu kabisa. Ungama kwa Mungu, na kwa uliyemkosea.

Kisha kaa na daftari ujiulize: mstari ulikuwa wapi?

Kama haukuja kabisa, tatizo ni la marudio. Haujazama. Rudi hatua ya 4 na 5.

Kama ulikuja ukachelewa, umeufunga mahali pasipofaa. Rudisha fundo nyuma. Aliyeufunga kwenye kufungua picha aufunge kwenye kushika simu. Aliyeufunga kwenye kushika simu aufunge kwenye ule upweke wa saa tatu usiku. Funguo zilipotea tena nyumbani kwangu mwezi uliopita. Mstari ulinikuta nimeshafungua kinywa, nusu ya sentensi imetoka. Nikanyamaza. Mke wangu akauliza, "Umesemaje, baba watoto?" Nikamwambia nimesema tutafute wote. Si ushindi wa kutolea ushuhuda madhabahuni, lakini kutoka robo saa mpaka nusu sentensi ni mwendo mrefu, na daftari limeandika hivyo.

Kama ulikuja kwa wakati, ukausikia vizuri, na ukaupita, hilo ni zito zaidi na mbinu za kumbukumbu haziligusi. Hapo moyo umesema unakitaka kile kitu kuliko unavyomtaka Mungu. Usitafute mstari wa nne. Mwambie Mungu hivyohivyo ulivyo, mwambie na mwenzako wa hatua ya 8, na urudi kwenye mstari wa ahadi, uucheue polepole, ukiomba kuupenda. Yakobo 1:22 inasema asikiaye bila kutenda anajidanganya nafsi yake. Aliyehifadhi bila kutenda ana nyenzo nyingi zaidi za kujidanganyia.

Wapo pia wasioanguka kwenye dhambi waliyoiandika, ila wanaotesha nyingine: wanaanza kurekebisha watu kwa mistari, kusahihisha maneno kwenye ibada, kuhesabu. Evagrius aliweka kiburi mwisho wa orodha yake ya manane. Ukijikuta unatumia upanga kwa jirani kuliko kwako, pumzika kuhifadhi mwezi mmoja, utende ile uliyo nayo.

Baada ya mitatu ya kwanza

Mistari mitatu ikianza kufika bila kuitwa, usikimbilie mingine ishirini ya kutawanyika. Hamia kwenye sura, uwe na mahali pa kuishi kama Yesu alivyokuwa na zile sura za Kumbukumbu la Torati. Zaburi 1 ina mistari 6. Mistari miwili kwa wiki, wiki tatu umemaliza. Kisha Zaburi 51, kwa siku za kurudi. Ukishazoea, Warumi 6 yenye mistari 23, ambayo Paulo ameiandika yote kuhusu kufa kwa dhambi na kuwa hai kwa Mungu. Zaburi 119 nayo, pamoja na urefu wake wa mistari 176, imegawanywa katika mafungu 22 ya mistari minane minane, kila fungu na herufi yake ya Kiebrania; mstari wa 11 uko katika fungu la pili. Chukua fungu hilo peke yake, kuanzia mstari wa 9 mpaka wa 16, na usome kwa sauti kesho asubuhi kabla hujagusa simu.